Lenzi za zamani kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi: adapta, tundu na fokasi

Adapta ya lenzi za zamani kwa kawaida haina lenzi ndani wala umeme. Ni bomba fupi la chuma, upande mmoja unaingia kwenye mdomo wa kamera, upande wa pili unapokea lenzi. Kwa kuwa inaonekana kitu kidogo, wengi huitafuta mwisho na kuchukua ya bei ya chini kabisa, halafu picha zikitoka hazijakata vizuri, yaani si kali, lawama zote huiangukia lenzi. Mara nyingi lenzi haina kosa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na adapta.

Urefu wa adapta ndio kila kitu

Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kati ya uso wa mdomo na filamu au sensa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha). Lenzi za skrubu za M42 zilitengenezewa 45.46 mm, Nikon F 46.5 mm, Minolta MD 43.5 mm, Canon FD 42 mm. Kamera za leo zisizo na kioo cha kuakisi zina umbali mfupi zaidi: Sony E 18 mm, Nikon Z 16 mm, Canon RF na L-Mount 20 mm. Adapta inajaza pengo hilo, basi. Ya M42 kwenda Sony E inatakiwa iwe na 27.46 mm, na ya M42 kwenda Nikon Z 29.46 mm. Kwa kuwa nafasi ya kujaza ipo ya kutosha, hakuna haja ya kipande chochote cha kioo ndani ya adapta. Ukiona adapta ya sensa kamili ya 36 × 24 mm iliyotiwa lenzi ndani kwa ajili ya lenzi hizi, iache. Itakuharibia picha bure.

Kosa dogo kwenye urefu huo lina uzito kuliko unavyodhani. Adapta ikizidi kwa 0.1 mm, yaani unene wa karatasi moja ya kuchapia, lenzi ya 50 mm (huu ni urefu wa fokasi: namba ndogo ni lenzi pana, kubwa huvuta vitu vya mbali) haitaweza kufokasi mbali zaidi ya takriban mita 25. Ya 135 mm itafika mita 180 hivi, na huenda usigundue lolote. Ya 28 mm itakomea karibu mita 8. Kwa hiyo mtu anaweza kuisifia adapta yake kwa miezi, siku akifunga lenzi pana milima yote inageuka ukungu.

Watengenezaji wanalijua hilo, na wengi hukata adapta fupi kidogo kwa makusudi. Fupi haina madhara makubwa: lenzi inafika upeo wa mbali kabla pete ya fokasi haijagota mwisho. Matokeo yake ni kwamba alama ya ∞ kwenye lenzi haiaminiki tena. Usizungushe pete hadi mwisho ukapiga mandhari, utakuwa umepita. Fokasi kwa macho kila mara. Lenzi zinazoumia kwa adapta fupi ni zile pana ambazo vioo vyake vya ndani husogea kwa kuachana wakati wa kufokasi, kwani mpangilio wao unategemea alama ya umbali kuwa sahihi, na pembe za picha hulegea, yaani hupoteza ukali.

Jambo la pili ni usawa. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine, lenzi inakaa imeinama, na upande mmoja wa picha hautakata kamwe. Kwenye f/2, yaani tundu la kupitishia mwanga ndani ya lenzi likiwa wazi sana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), sensa inavumilia kosa la takriban 0.06 mm tu kwenda mbele au nyuma. Pima unene sehemu nne kuzunguka adapta; tofauti ikizidi 0.03 mm, irudishe. Maikromita inafaa kuliko kalipa ya kawaida, maana kalipa nyingi zenyewe hukosea 0.02 au 0.03 mm, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Huna kifaa cha kupimia? Weka kamera kwenye tripodi, tafuta mstari wa majengo au miti iliyo zaidi ya kilomita moja, fungua tundu hadi f/2.8, kuza katikati ya picha na ufokasi hapo. Piga. Kisha kagua ukingo wa kushoto na wa kulia kwa asilimia 100. Kingo zote mbili zikilegea sawasawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Ukilegea mmoja tu, rudia kwa lenzi nyingine kwenye adapta ileile. Ukilegea upande uleule, adapta imepinda. Ukihama au kutoweka, lenzi ya kwanza ndiyo ilianguka siku moja au ilifunguliwa na fundi akaifunga vibaya.

Adapta iliyofupika mno inarekebishika endapo imeunganishwa kwa vipande viwili vyenye skrubu. Ilegeze, kata pete kamili ya karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo kwa kawaida ina unene wa karibu 0.016 mm, na uiweke katikati ya vipande hivyo. Tabaka sita zinakaribia 0.1 mm. Pete iwe mzunguko mzima bila mkunjo. Vipande vitatu vya hapa na pale vitaleta uleule mwinamo unaoukimbia. Kaza skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo. Adapta iliyozidi urefu haina tiba ya nyumbani.

Mwisho, chungulia ndani ya adapta huku umeielekeza dirishani. Ukiona ukuta wa ndani unang'aa kama sufuria, mwanga utagonga hapo na kurudi kwenye sensa, na picha itapauka katikati. Bandika ndani kitambaa cheusi cha mahameli chenye gundi, au paka rangi nyeusi isiyong'aa na uiache ikauke kabisa kabla ya kuifunga kwenye kamera.

Lenzi ya kuanzia

Anza na lenzi ya 50 hadi 135 mm iliyotengenezewa kamera ya filamu yenye kioo. Zilibidi zikae mbali ili kioo kipate nafasi ya kuruka, kwa hiyo mwanga wake unaifikia sensa ukiwa umenyooka vya kutosha. Helios 44-2 ya 58 mm f/2, Super-Takumar, Nikkor za pete ya tundu, zote ni za kundi hili. Lenzi pana za kamera za aina ya Leica M, ambazo hazina kioo cha kuakisi, ni habari nyingine: kioo chake cha nyuma kinakaribia sana filamu, mwanga unaingia pembeni kwa mshazari mkali, na kioo kinachofunika sensa kinaupindisha. Filamu haikuwa na kioo hicho. Ndiyo sababu pembe hulegea na wakati mwingine hupata rangi ya zambarau, hata kama lenzi ni ya thamani kubwa. Lenzi kama Jupiter-12 ya 35 mm ina kitako kirefu kinachozama ndani ya kamera; kabla ya kuifunga, pima kina chake ulinganishe na nafasi iliyopo mbele ya shata (pazia linalofunguka na kufunga unapopiga picha). Na lenzi zinazokunjwa zisikunjwe zikiwa kwenye kamera.

Kagua lenzi kwa tochi ukiipitisha kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Nyuzi nyembamba zenye matawi kama mizizi ni kuvu. Ikishatafuna mpako wa kioo, alama haiondoki. Utando mweupe ulioenea sawia ni mbaya kuliko mkwaruzo mmoja mrefu, maana unapunguza utofauti wa giza na mwanga kwenye picha nzima. Vumbi dogo lisikusumbue. Mafuta kwenye mabamba ya tundu hayana shida ya haraka, kwani kwenye adapta mabamba hayahitaji kuruka kwa kasi, lakini mafuta hayohayo huvukiza na kutua kwenye vioo. Baadhi ya matoleo ya Super-Takumar 50 mm f/1.4 yana kioo chenye thoriamu kilichogeuka manjano. Siku kadhaa chini ya taa ya urujuanimno hukisafisha kwa kiasi kikubwa.

Tundu linapogoma kufunga

Unazungusha pete hadi f/8 na mabamba hayasogei. Hii ndiyo kesi inayowachanganya wengi, na jibu linategemea mfumo.

Lenzi nyingi za M42 zina pini nyuma. Pini isipobonyezwa, tundu hubaki wazi. Kama lenzi ina swichi ya A/M (otomatiki au kwa mkono), iweke M. Kama haina, unahitaji adapta yenye ukingo wa ndani unaoibonyeza pini. Canon FD ina adapta yenye pete yake yenyewe ya kufungua na kufunga: iweke kwenye kufungua, toa pete ya lenzi kwenye A, funga lenzi, ndipo uizungushe upande wa kufunga ili ishike kijiti cha tundu. Nikkor za G hazina pete ya tundu, hivyo adapta iwe na pete yake. Canon EF huendesha tundu kwa umeme. Adapta ya bomba tupu itakuacha kwenye tundu lililo wazi daima.

Mipangilio ya kamera

Kamera haitaona lenzi yoyote, na kamera nyingine hukataa kupiga. Tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi, uiwashe. Kisha ingiza urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya mm) kwa mkono kwenye kituliza mtikisiko. Usiruke hatua hii. Ukiacha 135 wakati umefunga 35 mm, kamera itarekebisha mtikisiko kupita kiasi na picha zitavutika, hata kwa shata ambayo kwa kawaida ni salama. Kwenye sensa kamili unaandika namba ileile iliyo kwenye lenzi.

Tumia hali ya A ya kamera. Unachagua tundu kwa pete, kamera inachagua shata. Namba ya f haitahifadhiwa kwenye faili, kwa hiyo iandike mahali kama unahitaji kuijua baadaye.

Rangi za kuonyesha kingo zilizofokasiwa ni msaada wa haraka tu. Tundu likiwa f/1.4 zinawaka hata pale ambapo jicho la mtu halijakata bado. Weka kitufe cha kukuza picha karibu na kidole gumba, kuza juu ya kope, peleka pete polepole hadi nywele zikate, ipitishe kidogo, kisha irudishe. Kufokasi kwenye tundu lililo wazi kisha kulifunga hadi f/2.8 kunaweza kukuponza kwa lenzi zenye tundu kubwa: baadhi husogeza fokasi mabamba yanapofunga, na ukali ulioupata kwenye kope unahamia sikioni. Kwa hizo, fokasi kwenye tundu lilelile utakalopigia, angalau hadi f/4. Kuanzia f/8 picha ya kwenye kioneshi hukata kila mahali na fokasi haionekani vizuri. Hapo fungua tundu, fokasi, kisha lirudishe.

Mpako wa lenzi nyingi za zamani ni tabaka moja, na jua la pembeni humwagika ndani yake kwa urahisi. Funga kofia ya kuzuia jua kila wakati, na kama haipo, kiganja kilichoinuliwa nje ya fremu kinatosha. Lenzi nzito ishike kwa mkono wa kushoto chini ya lenzi yenyewe, na ukiiweka kwenye tripodi tumia mguu wa lenzi au wa adapta. Ukiining'iniza kwa kamera, uzito wote unavuta zile skrubu ndogo za mdomo.