Namna ya kusoma majengo ya Fazlur Khan ukiwa chini barabarani

Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka mwaka 1929, akaenda Marekani mwaka 1952 kusomea uhandisi Illinois, kisha akafanya kazi Chicago katika SOM, kampuni ya usanifu na uhandisi wa majengo. Alichobadilisha ni hiki: upepo uzuiwe na ganda la nje la jengo, lisimame kama bomba. Nguzo iliyo mbali mara mbili na kitovu huzuia kupinda mara nne zaidi.

Anzia Chicago, kwenye DeWitt-Chestnut, jengo la zege la ghorofa 43. Nguzo zake za nje zimeachana mita 1.7 hivi. Usihesabu fremu za madirisha. Fuata mistari inayobeba mzigo hadi chini. Bomba la namna hii lina udhaifu wake: boriti hupinda kidogo, kwa hiyo nguzo za kona hubeba mzigo mwingi na za katikati ya ukuta hubaki zikitegea.

Tiba ya kwanza iko John Hancock Center (1969), leo 875 North Michigan Avenue, mita 344. Zile X kubwa si mapambo. Kila moja hupanda ghorofa 18 hivi na kugawa mzigo kati ya nguzo, ndiyo maana madirisha yameweza kuwa mapana. Wapangaji wengine wana chuma mshazari katikati ya dirisha, na hakiondoki.

Tiba ya pili ni Sears Tower, leo Willis Tower, mita 442. Simama mahali unapoona pande mbili, uhesabu kutoka chini: mabomba 9 ya mraba yaliyoshikana, kila upande mita 23. Ghorofa ya 50 yanabaki 7, ya 66 yanabaki 5, ya 90 yanabaki 2. Kuta za ndani ndizo zinazosaidia zile nguzo za katikati. Mikanda myeusi ni ghorofa za mitambo. Humo mna fremu za chuma zinazofunga mabomba pamoja.

Anayekwenda Hija kwa ndege kupitia Jeddah atazame juu kwenye jengo la mahujaji, nalo ni kazi ya Khan: mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, yaliyoning'inizwa kwa kamba za chuma. Khan alifia mji huohuo mwaka 1982, akazikwa Chicago. Tafuta tundu kwenye kilele cha kila hema: hewa moto hutokea hapo, na pande zimeachwa wazi ili upepo upite.