Jinsi ya kuweka kanuni ya likizo inayojilimbikiza kila mwezi (Tanzania Bara)

Kabla hujafungua programu ya mishahara, amua jambo moja: siku za likizo ofisini kwenu zinahesabiwa kwa kalenda au kwa siku za kazi? Makosa mengi niliyowahi kurekebisha yalianzia hapo. Kompyuta ilikuwa inatii tu ilichoambiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Bara siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12. Zanzibar wana sheria yao, usichanganye. "Mfululizo" maana yake Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Aliyeanza likizo Jumatatu tarehe 8 Desemba 2025 alitakiwa kurudi Jumatatu tarehe 5 Januari 2026, na ndani yake zilikuwemo sikukuu ya Uhuru, Krismasi, siku inayofuata Krismasi na Mwaka Mpya. Hadai fidia ya hata moja.

Programu nyingi zilizotengenezwa nje huhesabu siku za kazi peke yake. Kama yenu ni hiyo, badilisha: siku 28 ni wiki nne, kwa hiyo ni siku 20 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na 24 kwa wa siku sita. Ukiandika 28 kwenye programu inayoruka wikiendi, wa siku tano atapumzika wiki tano na nusu na ushei. Kisheria si kosa, maana 28 ni kima cha chini, ila bosi akigundua utaeleza wewe. Kosa baya ni la upande wa pili: umeandika 20, programu inahesabu wikiendi, mtu wa watu anarudi kazini kabla wiki ya tatu haijaisha. Hapo sheria imevunjwa. Na wenye tawi Nairobi wasinakili mpangilio wa huko, kwani Kenya ni siku 21 za kazi, yaani 1.75 kwa mwezi.

Sasa kiwango cha mwezi. Kwa programu inayohesabu kalenda, gawa 28 kwa 12 upate 2.3333; inayohesabu siku za kazi, gawa 20 au 24 yenu kwa 12 na ufuate hatua hizi hizi. Kama sehemu ya kujaza inakubali desimali mbili tu, jaza 2.33 kwa miezi 11 na 2.37 mwezi wa mwisho wa mzunguko, la sivyo mwaka utafungwa na 27.96 na utasumbuana na watu kwa vipande vya siku. Usikadirie kila mwezi kuwa siku 2 kamili. Hapo umekula siku nne za mtu kwa mwaka.

Siku ziingie mwisho wa mwezi, baada ya mwezi kufanyiwa kazi. Aliyeanza katikati apewe kwa uwiano: aliyeripoti tarehe 17 Machi amefanya siku 15 kati ya 31, basi zidisha 2.3333 kwa 15, gawa kwa 31, utapata 1.13.

Mfanyakazi mpya anza kumlimbikizia tangu siku aliyoajiriwa, kwa sababu mzunguko wake unaanza siku hiyo. Ila kwa kawaida ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Kwenye programu tafuta sehemu ya muda wa kusubiri, andika miezi 6, na uhakikishe inazuia kuomba bila kuzuia kulimbikiza. Ni vitu viwili, na mara nyingi vinakaa kwenye ukurasa mmoja.

Sehemu ya kubeba siku zilizobaki kwenda mzunguko unaofuata ndiyo inayoumiza watu. Sheria inataka likizo ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au ndani ya miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia na kazi zenyewe zinadai hivyo. Mzunguko ni wa mtu mmoja mmoja, tangu tarehe yake ya kuajiriwa. Ofisi moja niliyopita, kabla sijafika, waliweka programu ifute mabaki ya wote tarehe 31 Desemba kwa sababu mwaka wa hesabu unaisha siku hiyo. Dereva mmoja aliyeajiriwa tarehe 1 Septemba 2023 alikuwa na nafasi mpaka mwisho wa Februari 2025 kutumia likizo ya mzunguko wa kwanza. Wiki ya kwanza ya Januari alikuja na hati ya mshahara ameikunja mara nne, akaifungua juu ya meza yangu bila kusema neno. Baki: 0.00. Zilifutwa za mzunguko wa kwanza, na hata za Septemba hadi Desemba ambazo mzunguko wake ulikuwa mbichi. Tulirudisha kwa mkono, mtu baada ya mtu, karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo weka mzunguko kwa tarehe ya ajira, siku za zamani zitumike kwanza, na badala ya kufuta, weka tahadhari mwezi wa nne baada ya mzunguko kuisha, iende kwa mfanyakazi na kwa mkuu wake. Kufuta kubaki kazi ya binadamu mwenye barua mkononi.

Mtu akiwa kwenye likizo ya uzazi au ya ugonjwa, mlimbikizo uendelee, maana mzunguko unahesabu miezi ya ajira. Pia usiruhusu programu ikate siku za likizo ya mwaka kufidia ugonjwa au uzazi. Sheria imekataza.

Anayeondoka kazini analipwa siku alizolimbikiza kwa kanuni yake: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Siku 91 zinatoa malipo ya siku 7. Weka hesabu hii kwenye fomu ya mwisho wa ajira, mbali na 2.3333, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana kwa vipande.

Ukimaliza, usiwashe kwa wote. Chagua watu watatu: mkongwe mwenye mabaki, mpya wa miezi mitatu, na aliyetoka likizo ya uzazi. Wapigie hesabu kwa kikokotoo, linganisha na programu kwa miezi miwili ya mishahara. Zikilingana, ingiza mabaki ya wafanyakazi wote, chapisha orodha na kila mmoja asaini mbele ya namba yake kabla mishahara ya mwezi wa kwanza haijaandaliwa kwa mpangilio mpya.