Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeishi Chumba Kimoja

Watu wengi wanaoanza mazoezi nyumbani huyaacha ndani ya wiki chache, na mara nyingi tatizo si uvivu kama wanavyojilaumu, bali ni mpango wenyewe kuwa mkubwa kuliko nafasi waliyo nayo katika maisha yao. Mtu anayefika nyumbani saa 2 usiku baada ya kusimama kwenye daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala hawezi kutegemea ratiba ya saa nzima, siku sita kwa wiki, hata kama wiki ya kwanza aliimudu kwa nguvu ya soda. Maelezo haya yanamlenga mtu huyo: mpangaji wa chumba kimoja, asiye na vyuma wala ada ya jimu, anayetaka utaratibu mdogo unaoweza kudumu mwaka mzima.

Tuanze na kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kutembea kwa haraka kwenda kituoni na kurudi kunahesabika, na kwa wengi kunafikisha sehemu kubwa ya dakika hizo. Kinachokosekana ni sehemu ya misuli, na hiyo ndiyo inayofaa kufanyiwa chumbani: siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, dakika 25 kila siku.

Kuhusu muda wa kufanya mazoezi, ninashauri usiufunge kwenye saa ya ukutani, bali kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa. Kuna wanaoanza mara tu baada ya swala ya alfajiri, na kuna wanaoanza kabla ya kuoga jioni. Wote wako sawa, ingawa katika joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi alfajiri ina nafuu kubwa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya kwa kuifungamanisha na jambo la kila siku. Muda wa kati uliohitajika ili tabia ifanyike bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo anayeona bado anajisukuma baada ya mwezi mmoja hana kasoro yoyote. Bado yumo njiani. Katika mwezi wa Ramadhani jambo la kujifungamanisha nalo hubadilika, na wengi huona afadhali kufanya raundi chache baada ya futari kushuka tumboni au baada ya tarawehe.

Nafasi inayohitajika ni ile ya kulala chali na kunyoosha mikono juu ya kichwa. Kinachostahili uangalifu zaidi ni utelezi. Mkeka wa ukili juu ya marumaru huteleza, na kanga huteleza zaidi, kwa hiyo mazoezi ya kusimama yafanywe peku juu ya sakafu yenyewe, na mkeka uubakize kwa yale ya kulala. Kiti cha plastiki usikitegemee kabisa kwa kushika au kukalia, kwa kuwa miguu yake hupanuka ghafla uzito unapoelemea upande mmoja. Kitanda kilichosukumwa hadi ukutani ni salama zaidi.

Mazoezi matano yanatosha. La kwanza ni kuchuchumaa: simama mbele ya kitanda, miguu ikiwa na upana wa mabega, shuka polepole kwa hesabu ya tatu hadi makalio yaguse ukingo, kisha inuka bila kujitupa mbele. Visigino visiachane na sakafu, na magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Likizoeleka, ondoka kitandani na ushuke chini zaidi. Baadaye kumbatia dumu la maji kifuani.

La pili ni pushapu, na hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa kwenda sakafuni moja kwa moja. Anza kwa kusukuma ukuta, kisha ukingo wa kitanda, na sakafu iwe ya mwisho. Naipendelea njia hii kuliko ile ya kupiga magoti, kwa sababu mwili unabaki mstari mmoja kutoka kichwani hadi visiginoni, na unachokibadilisha ni mwinamo tu. Viwiko visitanuke pembeni hadi usawa wa mabega. Vielekee nyuma kidogo.

La tatu ni kuvuta, ambalo watu wengi wa mazoezi ya nyumbani hulisahau kwa kukosa kifaa, nalo ndilo linaloukaza mgongo wa mtu anayeshinda ameinamia simu au cherehani. Weka mkono mmoja kitandani, inama, na kwa mkono mwingine vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito unaujua bila mzani. Lakini dumu lililojaa nusu huyumbayumba na kukuvuta pembeni. Ni bora lile la lita 5 lililojaa pomoni kuliko la lita 10 lililojaa nusu. Kaza kifuniko, na uzungushie kitambaa mpini kwa sababu plastiki hukata kiganja.

La nne ni kuinama na kuinuka ukiwa umeshika dumu kwa mikono miwili. Mtazame mama anayepalilia shambani: anakunja nyonga, mgongo wake umenyooka, magoti yamelegea kidogo. Fanya vivyo hivyo. La tano ni planki ya viwiko, yaani kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao, na sekunde 20 kiuno kikiwa kimekazwa zina faida kuliko dakika nzima kiuno kikiwa kimening'inia.

Baada ya kupasha mwili joto kwa dakika tano, fanya raundi tatu, kila zoezi mara 8 hadi 12 (isipokuwa planki, inayohesabiwa kwa sekunde), ukiacha pale unapohisi kwamba ungeweza kuongeza mbili tu. Pumzika dakika moja hadi mbili kati ya raundi na raundi. Usibane pumzi; itoe unaposukuma au kuinuka, hasa kama una presha, kwa maana kubana pumzi huipandisha ghafla. Mwenye presha, kisukari au ujauzito amwone daktari kabla ya kuanza, na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo na aende hospitali.

Nunua daftari dogo la shule uandike kila siku ya mazoezi mstari mmoja kwa kila zoezi, kwa mfano: «Jumatano, kuchuchumaa 10, 10, 9». Ukifikisha 12 katika raundi zote tatu mara mbili mfululizo, ongeza ugumu wa zoezi hilo peke yake, mengine yaache yalivyo. Daftari hili ndilo kipimo chako kwa miezi miwili ya mwanzo, kwa kuwa nguvu za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuituma misuli, huku umbo kwenye kioo likichelewa. Maumivu ya misuli siku moja hadi tatu baada ya kuanza ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida.

Siku utakazokosa zitakuwepo: msiba, zamu ya usiku, mgeni kutoka kijijini aliyelala sebule ambayo ndiyo chumba chenyewe. Utafiti ule ule wa Lally ulionyesha kwamba kukosa mara moja hakuharibu ujenzi wa tabia. Usifidie kwa kufanya mara mbili siku inayofuata. Fanya kama kawaida, na pale muda usipopatikana kabisa, fanya raundi moja ya kuchuchumaa na pushapu kabla ya kuoga. Ukiwa na homa, pumzika. Na kama umekaa wiki mbili au zaidi bila kufanya lolote, wiki ya kurudi fanya raundi mbili badala ya tatu, kwa dumu jepesi kuliko lile uliloliacha, kisha uendelee kutoka pale daftari litakapokuonyesha.