Biashara changa ianze lini kutumia hela kwenye usalama wa kidijitali?

Wengi wanasema tukikua ndo tutafikiria usalama. Mi naona usiangalie ukubwa, angalia umeshika nini cha watu. Siku unaandika namba ya mteja wa kwanza kwenye daftari la simu, au mtu anakutumia hela kabla hajapata mzigo, hapo ushaanza kudaiwa usalama, na hatua za mwanzo wala hazina gharama, ni muda wako tu.

Anza na imeili. Hiyo ndo funguo ya kila kitu, manake mtu akibonyeza "nimesahau pasiwedi" kwenye Instagram yako au kwenye domeini (jina la tovuti yako), linki inaenda hapo hapo. Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na pasiwedi inaombwa na namba ya muda, na namba hizo zitoke kwenye app ya kuzitengeneza badala ya SMS, sababu mtu akifanikiwa kuirenyu laini yako kwa jina lako basi meseji zote zinaingia kwake. WhatsApp ya biashara nayo iwekee PIN.

Halafu bakapu, yaani nakala za akiba za data zako, na hapa naomba unisikilize. Mwaka 2014 kuna kampuni inaitwa Code Spaces, ilikuwa inawatunzia watu "code" (maandishi yanayounda programu) za programu zao, mdukuzi akaingia kwenye akaunti yao ya Amazon, walikokodi kompyuta za mtandaoni za kuhifadhia kazi zao, akadai hela, wao walipojaribu kumtoa akaanza kufuta, akafuta data na bakapu karibu zote sababu vyote vilikuwa chini ya akaunti moja. Ndani ya saa 12 hivi biashara imekufa. Kwa hiyo nakala moja ikae sehemu nyingine kabisa, yenye pasiwedi nyingine, na mara moja moja jaribu kuirudisha uone kama inafunguka kweli.

Ukiajiri mtu, mpe akaunti yake, msichangie pasiwedi. Akiondoka, mtoe kila mahali siku hiyo hiyo hata kama mmeachana vizuri. Na muuzaji wa dukani asitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, asubiri ya Lipa Namba iingie kwenu.

Sasa hela halisi utoe lini? Ukianza kuwa na app au tovuti inayotunza taarifa za wateja, mlipe mtu wa nje, asiwe developa aliyeitengeneza, aijaribu kabla hujaizindua. Pia ukiona mfumo ukizima siku moja unapoteza zaidi ya gharama ya kuulinda, toa. Ila usikimbilie kununua programu za bei mbaya wakati pasiwedi bado ni jina la duka na 123.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Rahisi zaidi ni kukusanya kidogo. Unauza viatu, picha ya NIDA ya mteja unaiweka ya nini? Ifute leo, kwenye simu na kwenye grupu la wafanyakazi pia.