SOMO: Kinga ya moto kwenye nyumba za kupanga – soma hapa kabla hujaniuliza bei ya mtungi

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Kigoma, kazi zangu ziko Mwanga, Katubuka, Gungu mpaka Ujiji. Kila habari ya nyumba kuungua ikisambaa kwenye makundi, napokea ujumbe uleule: "Fundi, mtungi wa kuzimia moto bei gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na swali lenyewe linaanzia mwisho. Nyumba nyingi ninazoingia, mtu akiamka usiku moshi umejaa hana pa kutokea, hata awe na mitungi minne. Naandika mara moja, atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1: Pa kutokea

Hii ndiyo ndefu, msiiruke.

Nyumba zetu za vyumba sita zina korido moja katikati, mlango mbele na mlango wa uani. Saa nne usiku mlango wa mbele unapigwa kufuli kwa ndani, ufunguo anao mwenye nyumba. Wa uani nao una kufuli lake. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja. Moto ukianzia koridoni, walio vyumbani wamefungiwa. Na mjue kwamba wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Aliyelala hawezi kutegemea harufu imwamshe.

Kwanza, ondoeni kufuli ndani. Wekeni komeo zito, hata mawili, juu na chini. Mwizi aliye nje halifikii, na mtoto wa miaka kumi analifungua gizani bila kutafuta ufunguo.

Pili, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili lake linafunguka. Mwambieni fundi wa kuchomelea akate kipande cha kutosha mtu mzima kupita, mimi huomba sentimita 60 kwa 60, akiwekee bawaba na komeo la ndani. Hapa kuna mambo manne yanayoharibu kazi:

- Lifunguke kwenda nje. La kwetu la kwanza lilifunguka kwa ndani likagota kwenye kitanda. Tulilazimika kulirudisha karakana.
- Komeo likingwe na kipande cha bati zito ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Msiweke kufuli "kwa usalama zaidi", mtakuwa mmerudi palepale.
- Fundi wa rangi asiguse bawaba wala komeo. Kwetu alipaka vyote, rangi ikaganda, na siku tuliyojaribu kufungua grili halikusogea mpaka likapigwa nyundo. Karibu na ziwa kutu nayo haichelewi. Tieni grisi na lifungueni kila mwezi.
- Wavu wa mbu usipigiliwe misumari juu ya grili hilo. Uwe kwenye fremu inayotoka kwa mkono.

Tatu, chini ya dirisha hilo pasikae kabati wala gunia la mkaa.

Hatua ya 2: Dari

Panda ngazi uchungulie darini. Nyumba nyingi kuta za vyumba zinaishia kwenye usawa wa dari, juu yake ni uwazi mmoja toka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Moto wa chumba namba 1 unapita juu ya mbao na kushuka chumba namba 5 wakati waliomo wanadhani uko mbali. Anayejenga sasa apandishe kuta za matofali mpaka kwenye bati. Nyumba ya zamani, angalau ukuta mmoja wa katikati upandishwe.

Hatua ya 3: Umeme

Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 3,000, basi. Pasi na birika la umeme kwenye ekstensheni moja mnaweza kuvuka hapo. Ekstensheni ya kuzungushia isitumike ikiwa imeviringwa, inapikika yenyewe kwa ndani. Ifunueni yote.

Umeme ukikatika unapiga pasi, chomoa kabla hujainuka. Umeme hurudi mkiwa sokoni.

Soketi yenye weusi, inayochemka, au inayotoa harufu ya samaki, zimeni meni swichi mwite fundi. Kuna plastiki za soketi na swichi ambazo zikiungua hunuka kama samaki. Hapa kwetu watu husema ni dagaa wa jirani.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Mwombeni awaonyeshe.

Hatua ya 4: Gesi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatanda sakafuni. Ukisikia harufu yake: usiwashe wala kuzima taa, funga valvu, fungua milango, toa watu. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu yanayokua, inavuja. Msitumie kiberiti kupima. Mtungi ukae wima siku zote. Mpira wenye ufa hubadilishwa, haufungwi kwa utepe.

Hatua ya 5: Petroli

Isilale ndani ya nyumba. Hata kidumu kimoja.

Hatua ya 6: Mtungi wa kuzimia moto

Haya, tumefika. Kwa nyumba chukueni wa poda kavu, wa kilo 6 kama mfuko unaruhusu. Mshale wa geji yake uwe kwenye kijani. Utundikwe karibu na mlango wa kutokea, sio jikoni kabisa, maana jiko likiwaka hutaufikia. Vuta pini, lenga chini moto unapoanzia, bana mpini, fagia kushoto na kulia, mgongo wako ukiwa upande wa mlango. Unaisha ndani ya nusu dakika. Moto ukishafika darini, acha, toka.

Pembeni muwe na ndoo ya mchanga.

Hatua ya 7: 114

Namba ya Zimamoto, bure. Toeni watu kwanza, pigeni mkiwa nje. Tajeni mtaa, msikiti au shule iliyo karibu, kinachoungua, kama kuna watu ndani. Vichochoro vya Ujiji gari kubwa halipiti, kwa hiyo mtu mmoja akimbie barabarani akalisubiri alielekeze.

Hatua ya 8: Zoezi

Usiku, taa zimezimwa, wote mtoke hadi sehemu moja ya kukutania. Watoto watambae, kwa kuwa hewa safi iko chini. Fanyeni kila likizo.

---

MASWALI YA WADAU

Mpangaji wa Mwanga: Mkuu asante, ila hujasema bei ya mtungi na duka.

Jibu: Soma hatua ya 1 halafu niambie usiku ufunguo wa mlango mkubwa anao nani.

Mpangaji wa Mwanga: Mama mwenye nyumba.

Jibu: Basi anza na komeo. Mtungi utanunua kwa hela itakayobaki.

Mama wa Katubuka: Fundi, shikamoo. Nina watoto watatu, mume yuko safarini. Grili la kufunguka naliogopa, wezi wa huku wanaingiza miti madirishani wanavuta vitu.

Jibu: Marahaba mama, hofu yako ni ya haki. Mwambie fundi aweke makomeo mawili yanayoangaliana, la juu na la chini, kila moja na kikingio cha bati. Mti hauwezi kuvuta makomeo mawili kwa pamoja. Bawaba zichomelewe kwa namna ambayo pini haichomoki kwa nje. Halafu mkubwa wa hao watoto mfundishe kufungua macho yamefumbwa, na mpe kazi ya kumshika mdogo. Ukipata mchoro wa fundi nitumie, nitaukagua bure.

Kijana wa Kibirizi: Petroli ya injini ya mtumbwi naweka chumbani chini ya kitanda, kidumu nakifunga vizuri, miaka yote sijawahi kupata tatizo. Mnatutisha tu.

Jibu: Kaka, petroli inatoa mvuke hata usiku wa baridi. Mvuke huo ni mzito, unatambaa chini mpaka ukutane na kiberiti au jiko. Umesema chini ya kitanda. Kitoe leo.

Kijana wa Kibirizi: Nikiweka nje kitaibiwa.

Jibu: Jengeni kijibanda cha matofali mbali na nyumba, chenye matundu chini na juu na mlango wa chuma, mchangie wenye mitumbwi watano. Chumbani hapana, sitabadilisha jibu.

Mwanafunzi wa umeme: Mwalimu wetu anasema breka nzima inazuia moto wa umeme. Wewe umesema soketi inaweza kuchemka. Sasa breka inakuwa wapi?

Jibu: Swali zuri sana, nakujibu kwa kirefu. Breka inahesabu kiasi cha umeme unaopita. Ukizidi, au shoti ikitokea, inakata. Sasa chukua skrubu ya soketi iliyolegea. Umeme unaopita pale ni uleule wa pasi, ampea 5 au 6, breka ya ampea 20 haioni kosa lolote. Lakini pale palipolegea waya unagusa kwa ncha ndogo, joto lote linajikusanya hapo, cheche zinaruka, plastiki inaiva taratibu wiki nzima. Kwa hiyo breka inalinda waya usipitishe kupita uwezo wake, haikazi skrubu. Ndiyo maana ukienda kazini hakikisha unabeba bisibisi ukaze soketi zote, hata kama umeitiwa taa tu.

Na lingine ambalo utalikuta mtaani: breka inakata kila siku, mwenye nyumba anamwambia fundi "weka kubwa". Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 ukiuwekea breka ya ampea 40, kitakachokata kwanza ni waya wenyewe, tena ukiwa ndani ya dari. Kataa kazi hiyo. Tafuta kwa nini inakata.

Mama lishe Ujiji: Mimi nakaanga migebuka kwa mawese. Juzi karai liliwaka, kijana wangu akachukua maji, nikampiga mkono yakamwagika. Nilifanya sawa? Kwa nini maji yasizime?

Jibu: Umemwokoa huyo kijana, hongera sana mama. Mafuta yanayowaka yana joto mara mbili na zaidi ya maji yanayochemka. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini ya karai, yanageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji inakuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo unarusha mafuta yote juu yakiwa yanawaka. Zima moto wa chini, funika karai kwa mfuniko wa chuma au sinia, ukitelezesha mfuniko kutoka upande wako kwenda mbele, kisha liache lipoe. Usilibebe kulitoa nje. Mfuniko ukae mkononi kabla hujawasha jiko.

Mama lishe Ujiji: Asante. Na akirukiwa na mafuta, dawa ya meno inasaidia?

Jibu: Hapana. Wala asali, yai, wala unga. Maji safi ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20, pete na bangili zitoke mapema, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Mdau mvivu: Refu sana hili, fupisha tuelewe.

Jibu: Soma hatua ya 1 leo. Nyingine kesho.

Mdau wa Kasulu: Huku kwetu radi ni nyingi. Nikizima meni swichi inatosha?

Jibu: Haitoshi. Radi inaruka umbali mkubwa, ule mwanya mdogo wa swichi si kitu kwake. Chomoa plagi za TV na friji zikae mbali na soketi, chomoa na waya wa antena, watu wengi huusahau. Fanya hivyo mawingu yakiwa bado mbali. Radi ikishaanza karibu usishike nyaya tena.

Mpangaji wa Mwanga: Nimerudi mkuu. Mama mwenye nyumba amekubali komeo, ila grili anasema tujigharamie.

Jibu: Safi kwa komeo. Kwa grili, mpelekee makadirio ya fundi kwa maandishi, mwombe mkate kwenye kodi ya miezi mitatu. Wote mweke saini, na mjumbe awe shahidi. Wapangaji wa nyumba mbili nilizofungia umeme Gungu walikubaliana hivyo na wenye nyumba, na kazi ikafanyika. Akikataa kabisa, kateni dirisha moja kwanza, la chumba kilicho mbali zaidi na mlango.