Kupima fimbo ya ethi, hatua kwa hatua

Tunapima ukinzani kati ya fimbo ya ethi na ardhi iliyoizunguka. Maltimita haifai kwa kazi hii. Tumia kipima ethi chenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini.

1. Zima meinswichi, hakikisha kwa testa, ndipo ufungue waya wa ethi kwenye fimbo. Usipoufungua, mabomba ya chuma yaliyoungwa na ethi yatapimwa pamoja nayo, na fimbo iliyooza itaonekana nzima.

2. Chomeka vijiti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwa fimbo ya mita 2, kijiti cha mkondo kiwe umbali wa mita 30, na cha volti asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 18.6, vyote katika mstari mmoja na fimbo. Soma. Sogeza kijiti cha volti mita 3 mbele, soma. Kisha mita 3 nyuma ya pale pa kwanza, soma tena. Ukipata omu 82, 84 na 86, andika 84. Ukipata 60, 84 na 120, usitafute wastani! Kijiti cha mkondo kiko karibu mno na fimbo. Kipeleke mita 50, cha volti mita 31, uanze upya. Namba zikiendelea kuyumba, huenda kuna bomba au kebo imezikwa sambamba na mstari wako, kwa hiyo geuza mstari nyuzi 90. Ardhi ikiwa kavu, mwagia vijiti maji. Fimbo yenyewe usiimwagie hata kikombe: utapata namba ya leo tu.

3. Rudisha waya, kaza, ndipo uwashe.

4. Amua kama namba yako inafaa. Kwa RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30, hesabu ya volti 50, yaani kikomo cha volti kwenye chuma unachoweza kugusa, ukigawa kwa ampia 0.03, inaruhusu hadi omu 1,667, ila mimi siikubali fimbo inayozidi 200, maana udongo ukikauka ukinzani hupanda. Pasipo RCD, breka ya ampia 32 ya aina B inahitaji ampia 160 (mara tano ya 32) ili ikate papo hapo. Kwa volti 230, hiyo ni omu 1.44 kwa njia nzima ya hitilafu. Fimbo moja haifiki huko, kwa hiyo RCD ni lazima.

5. Pima waya wa ethi hadi kila soketi. Mita 10 za waya wa milimita za mraba 2.5 ni kama omu 0.07, baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za kipimio. Ukiona omu 2, huenda kuna skrubu iliyolegea.

6. Pima RCD kwa kipimio chake: kwa miliampia 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa 150 ndani ya 40. Usitegemee kitufe chake cha T kuthibitisha ethi: hukata hata waya wa ethi ukiwa umening'inia hewani.