SOMO: Maji ya kunywa kipindi cha masika, Mwanza na kandokando ya ziwa

Wakuu, kila masika naulizwa swali lile lile: "Nimetia kidonge cha klorini kwenye maji, mbona bado tunaharisha?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Osha dumu kwa sabuni na mchanga kiganja kimoja. Tikisa, suuza.

2. Maji ya bomba yakirudi baada ya mgao, yaache yatiririke kwanza. Presha ikikatika, bomba lenye tundu hufyonza maji ya mtaroni. Na huku kwetu milimani, vyoo vya wa juu vikifurika, mtaro ndiyo njia yao.

3. Tuamisha na chuja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami nilishaharibu. Klorini haichagui: ikikuta tope, inaishia kwenye tope, vijidudu vinabaki. Maji ya rangi ya chai ya maziwa ukiyatia kidonge umetupa kidonge. Yaache usiku kucha yametulia, asubuhi mimina taratibu yale ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba ulichokikunja mara nne. Ukiona tope linaanza kuja, acha. Usikamue kitambaa! Ukikikamua unarudisha uchafu wote ndooni. Halafu kifue na ukianike juani, kisirudi kufuta meza.

4. Tia kidonge, koroga, funika, subiri nusu saa. Vipo vya lita 20 na vipo vya ukubwa mwingine, kwa hiyo soma pakiti. Baada ya nusu saa inatakiwa kuwe na kaharufu ka klorini kwa mbali. Hakuna harufu? Maji yalikuwa bado machafu, rudi namba 3.

5. Huna kidonge, chemsha. Yakishatokota dakika moja inatosha, usimalize mkaa bure.

6. Hifadhi kwenye ndoo yenye koki. Kikombe kinachozamishwa na kila mkono kinaharibu kazi yote.

MASWALI

Mzee wa Sangara: Kidonge kimoja kinatosha pipa?
— Namba 4.

Kijana wa Igogo: Mnatutisha tu. Babu zetu wamekunywa maji ya ziwa bila kidonge na wakazeeka.
— Waliozeeka ndio unaowaona, mkuu. Waliokufa na kipindupindu wadogo hawakuacha wajukuu wa kubishana hapa.

Mama Wawili: Mtoto akianza kuharisha usiku na duka la dawa limefungwa?
— Dada, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Mpe kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au macho yamezama, usingoje kukuche, nenda kituo cha afya huku ukimnywesha njiani. Kukikucha nunua ORS (ule unga wa pakiti wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) na uulizie vidonge vya zinki.

Binti Ukerewe: Kaka, huku ufukweni maji wakati mwingine yanakuwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Nikichemsha si yanafaa?
— Swali zuri sana. Hapana. Ule utando ni vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Tafuta maji kwingine, na mbuzi pia wasinywe hapo.

Binti Ukerewe: Na kuoga?
— Penye utando usioge. Na hata maji yakiwa meupe, kuna kichocho: kinaingia kupitia ngozi, si mdomoni. Chota, chuja konokono, yaache kwenye pipa siku mbili ndipo uoge. Vijidudu vyake havidumu zaidi ya hapo.

Mzee wa Sangara: Sasa pipa likikaa siku mbili si tunafuga mbu?
— Leo umeuliza la maana, mzee. Funga mdomo wa pipa kwa kipande cha chandarua chakavu, ukikaze kwa mpira wa baiskeli.